Mkono Juu ya Swali

11 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba magoti yako yameacha kukutabiria mvua. Sisi huku hatujambo. Kaka amepata kazi ya madirisha ya jengo zima, na tangu Jumatatu anarudi kutoka karakana amejaa masizi mpaka kwenye nyusi. Tunapishana zamu za jikoni. Zamu yangu ikifika, ghafla anakuwa hana njaa.

Habari yangu mimi najua imekwisha kukufikia. Chuo kimenisimamisha mwaka mmoja kwa kuongoza mgomo wa maktaba. Sijutii. Maktaba inayofungwa saa kumi jioni kwa wanafunzi wanaotoka darasani saa kumi jioni ni dhihaka, na dhihaka haiombewi radhi, inapingwa. Lakini sikushika kalamu ili nikuhutubie.

Nimepata kazi ya muda. Nafundisha hisabati darasa la mwisho katika shule ya msingi iliyo mtaa wa pili kutoka karakana ya Kaka. Watoto ni arobaini na mmoja. Oktoba watafanya mtihani wa kwenda sekondari, na asiyevuka hapo hana mlango mwingine wa kubisha. Juzi niliwapa swali hili: katika kituo, abiria ishirini na watatu walishuka kwenye behewa, wakabaki thelathini na wanane, kabla ya kituo walikuwa wangapi? Kabla sijamaliza kuliandika ubaoni, mmoja akauliza, "Mwalimu, hili la kujumlisha au la kutoa?" Wenzake wakamcheka kwa kutojua kusoma ukuta. Ukutani, mwalimu wa taaluma amebandika chati: ukiona "jumla", jumlisha, ukiona "baki", toa, ukiona "kila", zidisha. Wakatoa. Watoto arobaini na mmoja wakaniletea jibu moja: kumi na watano. Nikawauliza: behewa lililokuwa na watu kumi na watano limewashushaje ishirini na watatu, na bado likabaki na thelathini na wanane? Wakanitazama kama niliyevunja masharti ya mchezo.

Niliibandua ile chati mbele yao. Nani ametuambia kwamba mtoto wa mtu wa kawaida atosheke na kunusa maneno badala ya kuyaelewa?

Lakini kubandua ni rahisi, Shangazi. Asubuhi yake nilisimama mbele ya ukuta mtupu, nikaukumbuka mlango wa stoo yako, ule uliopaka rangi nyeusi ukawa ubao. Nilikumbuka harufu ya maziwa yanayochemka jikoni, mvua ikipiga bati, nami nimekaa juu ya gunia la mkaa lililotandikwa kitenge. Ulikuwa ukiandika hadithi, kisha unaweka kiganja chako juu ya mstari wa mwisho. Nilikuwa nikikivuta kidole kimoja kimoja ili nichungulie, nawe ukikirudisha. Hatua zilikuwa tano. Nazikumbuka nne, na hata hizo sina hakika na mpangilio wake. Niandikie.

Niambie na jambo jingine. Ulikuwa mwalimu wa darasa kabla sijajua kusoma, na hujawahi kunisimulia hata siku moja ya shule ile. Kwa nini uliacha? Nilimwambia Kaka kwamba nakuandikia. Alishusha ngao yake ya uso akaendelea kuchomelea.

Mpwa wako,
Kipaza

27 Februari

Mwanangu Kipaza,

Marahaba. Magoti yangu bado yanatabiri, na yanasema kweli kuliko redio. Nimehamishia kitanda chumba cha mbele kwa sababu cha nyuma kinavuja pale pale kilipokuwa kikivuja zamani. Fundi amekuja mara mbili kukitazama. Ni mtazamaji hodari.

Umesimamishwa, umepata kazi, na ndani ya mwezi umebandua mali ya shule. Sina la kuongeza. Usinipigie simu kuhusu hilo. Kwenye simu unahutubia. Kwenye barua unalazimika kupumua.

Hatua ni hizi. Kwanza wanafunika. Hadithi isomwe peke yake, swali likiwa chini ya kiganja, maana mtoto akiliona swali hasomi tena, anawinda. Kisha wanasimulia: kila mmoja anamgeukia jirani na kumweleza kilichotokea bila kutaja namba hata moja. Asiyeweza kusimulia bila namba hajaelewa. Halafu wanachora, si picha ya kupendeza, vijiti na masanduku tu. Hatua ya nne ndipo kiganja kinapoondoka, na hapo wanakokotoa. Nadhani uliyoisahau ni ya tano, kwa sababu hukuipenda: jibu linarudishwa ndani ya hadithi ili waone kama linakaa.

Ulikuwa na miaka minane. Nilikupa fundi mwenye mita ishirini na tano za kitambaa, gauni moja likila mita tatu, ashone magauni mangapi. Ukaniandikia manane na theluthi moja, ukapigia mstari mara mbili. Nikakutuma chumbani uniletee ile theluthi niivae. Ulikwenda kweli. Ulirudi umenuna, na hukusema nami mpaka chakula cha jioni.

Nilipokuwa nikiandika hapa nimecheka peke yangu, jirani akachungulia dirishani kuona kama nina mgeni.

Umeniuliza na mengine. Nimeyasoma.

Kaka yako anakula vizuri, zamu zisizo zako?

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole na paa. Kaka anakula. Nilipomsomea kisa cha theluthi ya gauni alitabasamu upande mmoja wa mdomo, ndipo akakumbuka kwamba ana nondo za kukata.

Laiti ungeliona darasa langu. Wiki ya kwanza walifunika maswali kwa viganja wakachungulia katikati ya vidole, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Wiki ya pili walianza kusimuliana. Yuko msichana wa dawati la mbele wanayemwita Jaji, kwa sababu hutoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Nililirudisha lile swali la behewa. Jaji akamgeukia jirani yake akasema, "Hawa tunaowaona ndio waliobaki. Wengine wameshuka zamani, sisi tumechelewa kuingia." Akautazama mkono wake ulivyolifunika swali, kisha akasema taratibu kwamba basi mwanzoni walikuwa wote pamoja. Wakachora. Wakajumlisha. Sitini na mmoja. Darasa zima lilinyamaza, na ule unyamavu, Shangazi, ulinipendeza kuliko makofi yote niliyopigiwa katika viwanja vya chuo.

Kwa hiyo nimetoa amri: kila swali, hatua tano, kwa maandishi, bila kuruka hata moja. Anayeruka leo kwa sababu swali ni jepesi, kesho ataruka kwa sababu yeye ni mvivu. Sasa daftari zao zina vichwa vitano kwa kila swali: Nafunika, Nasimulia, Nachora, Nakokotoa, Narudisha. Wanavipigia mstari kwa rula. Utavipenda.

Mwalimu wa taaluma havipendi. Ni mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye kalamu nne mfukoni na zote zinaandika. Alisimama mlangoni, akatazama, akaniambia, "Dada, mtihani hautakusubiri umalize kuchora." Akanikumbusha kwamba ni maswali arobaini kwa dakika tisini. Nilimjibu kwa aya nne. Nilisema kwamba haraka ni adabu ya soko si ya akili, kwamba shule isiyompa mtoto muda wa kufikiri inamfundisha kutii, na mengine ambayo nimeyasahau lakini walimu wenzangu wameyakariri na wanayarudia wakiwa wanakunywa chai. Mtihani wa majaribio ni mwishoni mwa Aprili. Utatuhukumu.

Lazima mtu wa namna hii alikuwepo hata enzi zako. Ulimjibuje?

Wako,
Kipaza

4 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita zimepita bila mstari kutoka kwako. Jirani yako amenithibitishia kwa simu kwamba hujambo, unapalilia, na juzi umemfukuza yule fundi wa paa. Kwa hiyo umechagua kunyamaza. Basi sikiliza nilichovuna.

Mtihani wa majaribio umetoka na darasa langu limekuwa la mwisho katika kata. Sina wa kumlaumu. Waliyojibu waliyajibu vizuri, lakini hayakutosha. Aliyefika mbali kuliko wote alifika swali la ishirini na nne. Jaji alifika la ishirini na mbili. Yote sahihi, michoro yake imenyooka kama ya mhandisi, na maswali kumi na manane ya nyuma ni meupe kabisa. Waliandika vichwa vyote vitano hata pale walipoulizwa pakiti saba zenye penseli nane nane. Nilikaa na zile karatasi katika ofisi ya walimu, na hakuna aliyenirudishia aya zangu nne. Hilo ndilo lililouma.

Mwalimu mkuu amenipa mpaka mwisho wa Julai. Hali isipobadilika, darasa linarudi kwa mwalimu wa taaluma, na chati inarudi ukutani. Sijui sasa nipiganie nini. Nikizifuta hatua, wanarudi kunusa maneno. Nikizishikilia, nawapeleka Oktoba wakiwa wamejua nusu ya karatasi na wamefeli karatasi nzima. Mimi nitarudi chuoni. Wao watarudi wapi?

Kaka aliikuta karatasi ya Jaji mezani. Aliishika kwa ncha za vidole ili asiichafue, akaifunua ukurasa kwa ukurasa mpaka ule mweupe. Nilimwuliza anaona nini. Akasema, "Mwulize Shangazi." Nikamwambia nimeuliza, hajibu. "Basi mwulize tena," akasema, akaenda kunawa mikono.

Nauliza tena.

Kipaza

17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza niliwashia jiko.

Nilipoisoma ile amri yako ya Machi nilitaka kukuandikia siku ile ile. Nilipaswa. Badala yake nilikwenda kupalilia, na nimepalilia wiki sita, shamba halina tena hata jani la kung'oa. Ungeniuliza habari za mtu mwingine yeyote ningekujibu.

Amri ile niliitoa mimi, neno kwa neno, miaka kumi na saba iliyopita. Nilikuwa na watoto thelathini na sita wa darasa la mwisho. Vichwa vitano, kila swali, kwa rula. Ulikuwepo pia mtu wa kalamu mfukoni, nami nilimjibu. Sikuwa na ufasaha wako, ila kiburi tulikuwa nacho sawa. Katika mtihani wenyewe, watoto wangu walitii. Watano walivuka.

Mwenzangu tuliyesoma naye ualimu alikuwa miongoni mwa wasahihishaji. Hakutakiwa kuniambia kitu, lakini alinipitia nyumbani, akakataa kukaa. Alisema ipo karatasi moja ambayo wameipitisha mezani kila mtu aione. Maswali kumi na tisa, hakuna hata kosa moja, kila swali na mchoro wake, na baada ya hapo hakuna kitu. Kwenye swali la kumi na tisa mwanafunzi alikuwa ameandika "Narudisha", kengele ikamkuta hapo. Hakunitajia jina, na sikulihitaji. Nilikuwa nimeufundisha mwandiko ule mwenyewe, mezani kwangu.

Nyumbani ilisemwa kwamba kaka yako alipenda vyuma. Nadhani umekua ukiamini hivyo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kitu alichokuwa amekipenda ni hisabati. Wewe ulikuwa na minne.

Waliniondoa darasani wakanipeleka stoo ya vifaa vya shule. Nikapaka rangi mlango wa stoo ya nyumbani, nikakufundisha wewe. Mtoto mmoja, bila kengele, hatuwezi kushindwa. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Kaka yako wakati huo alikuwa ameshakwenda mjini kujifunza uchomeleaji. Sikumwambia neno. Nilihamia huku bila kumuaga. Kila mwaka niliona kwamba mwaka uliopita ndio uliokuwa wa kusema, na huu umechelewa.

Hatua zile ni njema. Bado naamini. Kosa langu ni kwamba niliwafundisha kuzishika, sikuwafundisha kuziachia. Usiwanyang'anye. Lakini namna ya kuziachia siijui, maana sikupewa darasa jingine la kujaribia.

Usimwonyeshe barua hii. Au mwonyeshe. Sijui.

Shangazi yako

2 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo, na ahsante. Nimejaribu kukuandikia maneno makubwa, nimeyafuta. Niruhusu nianze na madawati.

Shule ilimwita Kaka kutengeneza madawati kumi na manne ya chuma yaliyovunjika miguu. Alikuja na mashine yake, akafanyia kazi nje ya darasa letu, na watoto wakawa wanamtazama yeye kuliko mimi. Nikaona heri niwatoe wote. Dawati la kwanza alilipima miguu yote minne, akachora sakafuni kwa chaki, akakata, akajaribisha, akapima upya. Alitumia muda mrefu mpaka wengine wakaanza kupiga miayo. La pili akapima mguu mmoja. Kuanzia la tatu hakupima kitu. Anatazama, anakata, anaunga, anasukuma pembeni. Alipofika la tisa alisimama, akainama, akaitoa tepu tena akaanza upya kama lile la kwanza, pamoja na chaki.

Jaji hakuvumilia. "Fundi, mbona hilo unalipima?"

"Hili silijui," akasema Kaka. Lilikuwa limetengenezwa kwingine, miguu yake imelala kidogo kwa nje.

Shangazi, nimesoma nadharia za elimu kwa miaka miwili chuoni, na nimezipinga nyingine kwa kipaza sauti. Hakuna iliyoniambia jambo hili kwa uwazi namna hiyo. Siku ya pili niliwagawia karatasi ya maswali, nikawakataza kujibu. Nikasema wapite nayo kwanza, na kando ya kila swali waandike "nalijua" au "silijui". Lile wanalolijua walifanye kichwani, waandike jibu, waende zao. Wasilolijua ndilo lipewe kiganja, jirani wa kumsimulia moyoni, mchoro na kila kitu. Mwanzoni waliogopa. Mmoja aliniuliza kama si dhambi. Wapo walioandika "nalijua" kila mahali kwa majivuno, wakaanguka, wakajifunza kusema kweli. Wiki iliyopita tulipima kwa saa: wastani wao ni maswali thelathini na tatu. Mwalimu mkuu ametuongezea muda mpaka mtihani wenyewe.

Barua yako niliiweka mezani kwenye nafasi ya Kaka, chini ya sahani. Aliisoma amesimama. Akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka kwenda kazini bila kunywa chai. Hakusema kitu, nami, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, sikuuliza.

Kipaza

21 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Habari ya "silijui" nimeisoma mara nne. Miaka yote niliyofundisha sikuwahi kuwauliza wanafunzi wangu kama swali wanalijua.

Hakusema kitu kabisa?

Shangazi yako

15 Oktoba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Utaona kwamba bahasha hii haina stempu. Vumilia, nitafika huko.

Mtihani wa hisabati ulifanyika juzi. Hawakuniruhusu kukaribia chumba, basi nilisimama kwenye lango la shule kwa dakika tisini, na mwalimu wa taaluma akaja kusimama kando yangu. Alinipa pipi. Kengele ilipolia, walitoka kwa kelele ile ya watoto waliokatazwa kuongea, na nilimwuliza kila mmoja jambo moja tu: umefika swali la ngapi? Thelathini na wanane waliniambia arobaini. Watatu walikomea thelathini na kidogo. Jaji alitoka wa mwisho. Aliniambia kwamba "silijui" zake zilikuwa sita, alizifunika zote, na moja bado anaishuku kwa sababu jibu lake halikukaa vizuri kwenye hadithi. Alikuwa na hasira nayo. Nikamwacha aende nayo nyumbani.

Matokeo yatatoka Desemba. Nimejifunza kutosherehekea mapema, kwa hiyo sitakwambia tumeshinda. Nakwambia walifika mwisho wa karatasi.

Nilikwenda moja kwa moja karakana kumpa Kaka habari. Alizima mashine, akainua ngao yake ya uso, akanifanya nirudie ile hesabu ya thelathini na wanane. Kisha akaitoa barua yako mfukoni. Ameibeba tangu Juni, imechanika kwenye mikunjo, ina alama za vidole vyake kila kona. Akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja, akaniomba niusome kwa sauti. Nikausoma: maswali kumi na tisa, hakuna hata kosa moja.

"Yote?" akauliza.

"Ndivyo alivyoandika."

Akakaa juu ya ndoo ya rangi. Akasema, "Miaka kumi na saba, mimi nilidhani nilikosa."

Ndivyo ilivyokuwa, Shangazi. Hakukukasirikia kwa sababu ya hatua wala kengele. Alidhani hukumuaga kwa sababu ulimwonea aibu. Alidhani alikuwa na kichwa kizito, nawe ulikuwa wa kwanza kuligundua hilo, kwa hiyo akajiepusha ili asikukumbushe. Ungemtamkia mstari ule mmoja siku ile ile, angekwenda mjini akiwa mtu mwingine. Nalisema hili kwa heshima zote, kwa sababu nimekuwa mwalimu kwa miezi minane na najua sasa jinsi ilivyo rahisi kuficha karatasi ya mtoto kwa kuogopa alama ya mwalimu.

Amefunga karakana siku tatu. Nilimwuliza nani amempa ruhusa, akasema ameongea na bosi, na bosi ni mtu mwelewa. Amechukua tepu yake na karatasi za bati kwa ajili ya paa la chumba cha nyuma, lakini usidanganyike, si paa linalomleta. Ana maneno yake, na si yote yatakuwa matamu. Nilijitolea kumwandikia kwa ufasaha. Alikataa. Alisema barua yangu ataibeba, lakini ya kwake ataisema mwenyewe.

Basi aliyekupa bahasha hii ndiye huyo, na kwa jinsi ninavyomjua hatakaa mpaka aambiwe. Iweke chini barua, Shangazi. Mkaribishe ndani.

Kipaza